Betri ya pikipiki imekufa? Pima kwanza, ndipo ununue

Betri ya pikipiki iliyochajiwa na kutunzwa vizuri hukaa miaka miwili na zaidi, hata kwenye joto la Pwani. Ukijikuta unanunua nyingine kila baada ya miezi michache, jua kuna kitu kwenye pikipiki kinachoiua, na kitu hicho kitaiua na hiyo mpya. Ndiyo maana naanzia mbali kidogo na duka la spea. Nataka hela yako iende kwenye betri moja, siyo tatu.

Mwongozo huu ni wa pikipiki zetu za kawaida, zile za cc 100 hadi 150 kama Boxer, TVS HLX, Haojue na SanLG, iwe ya bodaboda au ya kwendea shambani. Andaa mita ya umeme, ile ndogo yenye waya mwekundu na mweusi, pamoja na spana namba 10, bisibisi na rula. Mita hiyo si ghali, na kijiwe kizima mnaweza kuchangishana mkanunua moja ikatumiwa na wote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni betri kweli

Stata ikigoma, wengi husema betri imekwisha. Inawezekana. Lakini waya wa hasi uliolegea hufanya vivyo hivyo, fyuzi iliyoungua pia, na hata vichwa vya betri vilivyoota ule unga mweupe au wa kijani. Fungua kava, tikisa nyaya zote mbili kwa mkono, angalia fyuzi. Kama kuna unga, vua waya, osha kwa maji ya vuguvugu yaliyoyeyushwa magadi, kausha, piga msasa, kaza tena. Usiruhusu maji hayo ya magadi yaingie ndani ya betri. Pikipiki nyingi huwaka hapo hapo na safari ya dukani ikafutika.

Kama bado inagoma, shika mita. Iweke kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, kipimo cha 20. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Pima asubuhi kabla pikipiki haijawashwa, maana betri iliyotoka barabarani sasa hivi huonyesha volti za juu zisizo za kweli.

Betri ya maji iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ile iliyofungwa isiyoongezwa maji husoma 12.8 hadi 13. Ukiona 12.4, imebaki karibu robo tatu. Kwenye 12.2 imefika nusu. Chini ya 12 imeisha chaji, ila haijafa bado: ichaji kwanza, iache itulie usiku kucha, upime tena. Ukikuta inaganda kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, kwa sababu kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Hiyo haina dawa. Fundi akikwambia ataifufua kwa kumwaga asidi mpya, mshukuru uondoke, kwani madini ya risasi yaliyokwisha kubanduka kwenye sahani zake hayarudi.

Sasa ipime ikiwa kazini. Acha mita kwenye betri, piga stata, soma namba inavyoshuka. Betri nzima hushuka ikabaki juu ya volti 9.5 hivi. Ikiporomoka hadi 7 au 6 ilhali kabla ilisoma 12.6, volti zipo lakini nguvu hakuna, na hiyo ndiyo betri ya kubadilisha. Pikipiki yako kama ni ya kiki tupu, badala ya stata bonyeza honi na ushike breki taa ya nyuma iwake, huku ukisoma mita. Usitegemee taa kubwa, kwa sababu pikipiki nyingine taa hiyo hula umeme wa koili (zinazozalisha umeme injini ikizunguka) moja kwa moja na haiwaki mpaka injini iwake.

Hatua ya 2: Mtafute muuaji

Hapa ndipo naomba utulie, kwani hatua hii hurukwa na karibu kila mtu.

Washa injini, kwa kiki kama stata imegoma, uache ingurume kidogo, kisha vuta resi ya kati huku mita ikiwa kwenye betri. Namba inatakiwa ipande ikae kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12 na kitu hata ukivuta resi, betri hailishwi. Angalia kwanza soketi ya rektifaya, kile kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa koili ili uichaji betri, maana huungua na kuyeyuka plastiki yake, kisha rektifaya yenyewe, kisha koili za magneti. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia umeme na betri inapikwa. Dalili zake utazitambua hata bila mita: maji ya betri yanakauka kila wiki, balbu zinaungua ovyo, betri inavimba ubavuni. Ukiweka betri mpya juu ya rektifaya ya namna hii, umeitupa.

Muuaji wa pili hunyonya usiku. Zima swichi, vua waya wa hasi, weka mita kwenye kipimo cha ampia, halafu iunganishe katikati: waya mmoja kwenye kichwa cha hasi, mwingine kwenye ule waya uliouvua. Usiguse stata wakati huo, fyuzi ya mita itaungua. Pikipiki isiyoongezwa kitu husoma karibu na sifuri. Ukiona miliampia 50, piga hesabu: kwa saa 24 ni ampia-saa (kipimo cha umeme ambao betri hubeba) 1.2, na betri ya ampia-saa 5 itakuwa tupu ndani ya siku nne au tano za kukaa. Chomoa kimoja kimoja mpaka namba ishuke. Mara nyingi utakuta ni redio, chaja ya simu iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi, au alamu ya bei rahisi. Kwa pikipiki za mkataba kuna pia traka iliyofungwa na mwenye mali. Hiyo usiichomoe. Mwambie aliyekukopesha fundi wao aje aipime, kwa sababu traka nzuri hula kidogo sana pikipiki ikiwa imesimama.

Mnyonyaji mwingine ni mazoea. Taa ya wati 35 hula karibu ampia 3. Ukimsubiri abiria huku taa inawaka kwa betri na injini imezimwa, betri ya ampia-saa 5 haimalizi saa mbili.

Na kuna wanaoona betri ni usumbufu, wakaivua wakaendesha hivyo hivyo kwa kiki. Pikipiki zenye CDI (kisanduku kinachopeleka umeme kwenye plagi) inayolishwa na koili zitakubali kutembea. Lakini betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya. Ikitoka, volti zinaruka kila ukivuta resi, na utakachookoa kwenye betri utakilipa kwenye balbu, indiketa na rektifaya. Zile za CDI ya DC, inayolishwa na betri, na zile za sindano ya mafuta kwa kawaida hazitatembea.

Hatua ya 3: Isome betri ya zamani kabla hujaiuza

Usiende dukani ukasema "nipe betri ya Boxer". Boxer zipo za aina nyingi, na mwenye pikipiki kabla yako huenda alifunga nyingine kabisa. Nenda na betri yenyewe mkononi, au picha yake ya mbele na ya juu pamoja na vipimo. Kama kitabu cha pikipiki kipo, namba iliyoandikwa humo ndiyo ya kuaminiwa kuliko zote.

Volti kwanza. Karibu pikipiki zote za sasa ni volti 12. Zile kuukuu za miaka ya nyuma zipo za volti 6, na namba ya betri zake huanza na 6N. Hizo mbili hazibadilishani hata kidogo.

Kisha namba ya aina. Kwenye betri za maji utakutana na kama 12N5-3B, 12N7-4A au 12N9-4B. Hiyo 12 ni volti, na 5, 7 au 9 ni ampia-saa. Namba na herufi za mwisho zinaeleza jinsi vichwa vilivyokaa na mahali mpira wa kupumulia unapotokea. Kwenye betri zilizofungwa utaona YTX5L-BS, YTX7L-BS, YTX9-BS na ndugu zake, na hapa wengi huteleza: YTX5L ina ampia-saa 4, YTX7L ina 6, YTX9 ina 8. Namba ya jina haifanani na ampia-saa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni tano kama yako", mwombe akuonyeshe palipoandikwa Ah, yaani ampia-saa.

Herufi L ina maana kubwa. Igeuze betri vichwa vikutazame. Yenye L, chanya ipo mkono wako wa kulia. Isiyo na L, kama YTX9-BS, chanya ipo kushoto. Ukinunua iliyogeuka, waya wa chanya hautafika, na fundi mwenye haraka ataurefusha au ataigeuza betri kinyumenyume ndani ya boksi mpaka kichwa kiguse chuma. Wengine huzichanganya nyaya kabisa. Umeme ukipita kinyume, fyuzi inaungua ukiwa na bahati. Usipokuwa nayo, rektifaya inakwenda.

Mwisho chukua rula upime urefu, upana na kimo kwa milimita. YTX5L na YTX7L zinakalia eneo lile lile, takriban milimita 114 kwa 70, lakini ya pili imezidi kimo kwa sentimita mbili na nusu hivi. Chini inakaa vizuri kabisa, juu siti haifungi. Na YTX7A-BS ina ampia-saa 6 kama YTX7L-BS, ila ni pana, fupi, na chanya yake ipo upande mwingine. Jina moja la "saba", boksi mbili tofauti.

Ampia-saa zikizidi kidogo hakuna ubaya kama betri inaenea kwenye boksi. Itachukua tu muda zaidi kujaa. Zikipungua, usikubali, hasa kama unatumia stata siku nzima.

Hatua ya 4: Ya maji, iliyofungwa, au lithiamu?

Ya maji ni rahisi na unaweza kuihudumia mwenyewe. Inavumilia kidogo rektifaya isiyo timamu, kwa sababu maji yakipungua unaongeza. Lakini inataka jicho lako kila mwezi, inataka isimame wima, na mvuke wake hula chuma. Kwa mtu wa kijijini aliye mbali na spea na aliye tayari kufungua kava mara kwa mara, mimi ningemshauri hiyo.

Iliyofungwa, ambayo ndani ina mkeka wa nyuzi za kioo ulionyonya asidi, haiongezwi maji, haimwagiki kwenye mashimo ya barabara ya vumbi, na hukaa na chaji muda mrefu zaidi ikiwa imeegeshwa. Kwa bodaboda wa mjini ndiyo chaguo langu, kwa sharti kwamba ile namba ya Hatua ya 2 haijapita 14.5. Ikipikwa, maji yanayotoka hayarudishwi. Dukani nyingi huitwa "jeli", ingawa zilizo nyingi ni hizi za mkeka. Kwako wewe tofauti hiyo si kubwa.

Lithiamu ni nyepesi na ina nguvu, ila ni ghali na haisamehe chaji mbovu. Kwa pikipiki ya kazi sioni sababu yake.

Hatua ya 5: Dukani

Iwe ni Kariakoo au duka la spea la stendi ya wilaya, maswali ni yale yale. Anza na tarehe. Betri iliyokwisha kujazwa asidi huzeeka hata ikiwa rafuni, na joto huiharakisha. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye plastiki au kwenye kibandiko. Iliyopita miezi sita tangu ijazwe, tafuta nyingine. Iliyo kavu, inayouzwa na chupa zake za asidi pembeni, huvumilia rafu muda mrefu zaidi, mradi lakiri zake hazijafunguliwa.

Kisha uzito. Ndani ya betri uzito ni risasi, na risasi ndiyo unayonunua. Betri ya ampia-saa 5 ikiwa na asidi inafika karibu kilo 2. Shika mbili za namba moja, moja kila mkono. Iliyo nyepesi waziwazi imepunjwa sahani, hata kama kibandiko chake kinang'aa.

Kama imeshajazwa, toa mita yako. "Kaka, naomba niipime kabla sijalipa." Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Iliyofungwa ikisoma chini ya 12.6, au ya maji ikisoma chini ya 12.4, imekaa bila chaji na sahani zimeanza kuganda salfa. Omba nyingine. Angalia pia ubavu kama umevimba, na vichwa kama vina mikwaruzo ya boliti. Vichwa vya betri mpya havina alama ya spana.

Dai risiti yenye namba ya betri na tarehe, na uandikiwe dhamana inahusu nini. Dhamana ya mdomo huisha ukivuka barabara.

Hatua ya 6: Saa chache za kwanza

Maisha ya betri yako yanaamuliwa hapa. Betri kavu ikimwagiwa asidi huwa na takriban asilimia 80 tu ya chaji yake, na ikifungwa hivyo hivyo ikapigwa stata mtaani siku nzima, huenda isifikie uwezo wake kamili tena. Ukifungiwa na fundi pale pale dukani, hakikisha hili halirukwi.

Vaa glavu na ulinde macho. Jaza mahali penye hewa, mbali na sigara na jiko, kwa sababu betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Ya maji, toa kwanza kile kizibo cha tundu la kupumulia (kipo Hatua ya 7), kisha jaza kila chumba hadi kati ya mstari wa chini na wa juu, uiache nusu saa, asidi itakuwa imeshuka, ongeza asidi ile ile kufikia mstari wa juu. Baada ya siku hiyo, utaongeza maji ya betri tu, yaani maji safi yasiyo na chumvi, kamwe si asidi tena, wala maji ya bomba au ya chupa ya kunywa. Sema wazi dukani unachotaka, maana chupa za asidi na za maji hufanana na wengine huita zote "maji ya betri".

Iliyofungwa, mimina chupa zote sita zilizokuja nayo mpaka tone la mwisho, subiri nusu saa hadi saa nzima, kisha bonyeza kifuniko chake. Usikifungue tena maisha yake yote.

Sasa ichaji kwa moja ya kumi ya ampia-saa zake: ya 5 kwa nusu ampia, ya 9 kwa ampia 0.9, kwa saa kadhaa mpaka ijae. Chaja kubwa ya magari itaichemsha. Kusiko na umeme, paneli ya sola ya wati 10 kwenye jua kali hutoa karibu nusu ampia, kiasi kinachofaa kabisa, ukiipitishia kwenye kidhibiti chaji. Iache itulie, pima. Ukiona namba za Hatua ya 1 zimetimia, ipo tayari.

Hatua ya 7: Kufunga

Swichi imezimwa. Wakati wa kuvua, hasi kwanza. Wakati wa kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho, ili spana ikigusa chasisi usipige shoti. Kaza vya kutosha bila kukata uzi wa risasi, paka vaselini kidogo, rudisha kofia ya mpira kwenye chanya.

Kwa betri ya maji, kuna kizibo kidogo, mara nyingi chekundu, kwenye tundu la kupumulia. Hakikisha kimeshatolewa, uvike mpira wake, na uuelekeze chini mbali na mnyororo na bomba la moshi, bila kuukunja. Betri iliyosahauliwa na kizibo hicho hukosa pa kutolea gesi na inaweza kupasuka. Kamba au mkanda wa kuibana usiache. Mtikisiko wa barabara mbovu hubandua sahani polepole.

Washa, rudia kipimo cha chaji, na uandike tarehe ubavuni kwa kalamu ya rangi.

Hatua ya 8: Ile ya zamani

Usiipasue, usimwage asidi yake uani, na usiwaachie watoto waichezee. Risasi ni sumu inayoharibu zaidi ubongo wa mtoto. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hili kwa gharama kubwa: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi jirani na makazi yao kati ya 2007 na 2014, watoto na watu wazima wakapata sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Betri yako ni ndogo, lakini za kijiwe kizima kwa mwaka si ndogo. Iweke kwenye chombo cha plastiki ikiwa wima, uirudishe kwa muuzaji. Maduka mengi hupokea za zamani na kukupunguzia bei, kwa sababu risasi iliyomo ina soko. Uliza punguzo hilo kabla hujalipa mpya.